Mzamiaji

Vidonge viko vinne. Vyeupe, virefu, miligramu 600 kila kimoja. Mhudumu wa duka la dawa hapa Mbale alinipandisha kwenye mizani kwanza, kisha akapiga hesabu kwa sauti: miligramu 40 kwa kila kilo, kilo 60, jumla 2,400. "Umeze ukishashiba, mwalimu. Usitafune, ni vichungu mno." Halafu akauliza, kwa sababu ndivyo wanavyouliza, "Ulikuwa unaoga ziwani?"

Nikasema ndiyo.

Sikumwambia kwamba nilikuwa mita nane chini yake.

Dawa ya kichocho haiwawezi minyoo wachanga. Huwapata wakishakomaa, ndiyo maana ukitoka majini unaambiwa usubiri wiki sita hadi nane ndipo umeze. Mimi nimesubiri saba. Katika wiki hizo mwili haukunisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni dakika nne za siku ya tano, na sentensi moja niliyoisema baada yake nikiwa nimeshika ubavu wa boti.

Nimejaribu kuiandika mara tatu. Hii ni ya nne.

Neno la nyumbani

Mwezi uliopita nilikuwa na kidato cha pili, tunanyambua vitenzi. Zama, zamia, zamisha. Nikaandika ubaoni kwamba mzamiaji ni mtu anayeingia chini ya maji kutafuta kitu. Kijana mmoja aliyewahi kuishi Mombasa kwa mjomba wake akanyoosha mkono. "Mwalimu, kule mzamiaji ni mtu anayejificha ndani ya meli, asafiri bila kujulikana."

Nikasema yuko sahihi. Nikaiandika maana ya pili chini ya ya kwanza, na mkono ukawa mzito.

Maana hiyo ya pili ndiyo niliyoijua kwanza. Nimezaliwa Luzira, Kampala, baba alikuwa baharia wa Port Bell, bandari ya hapo hapo, kwenye zile meli za mabehewa zilizokuwa zikienda Mwanza na Kisumu. Garimoshi linafika gatini, mabehewa yanasukumwa kwenye reli zilizomo ndani ya meli yenyewe, milango inafungwa, safari inaanza. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi, kwa hiyo kikawa lugha ya nyumbani kwetu pia, katikati ya majirani wanaosema Kiganda. Siku hizi watu wananiuliza nimejifunzia wapi, hasa tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Nawaambia nimejifunzia kwa kusikia baba akilalamika.

Na kilichomsumbua zaidi ni wazamiaji. Kabla meli haijang'oa nanga ilibidi wapite na tochi chini ya mabehewa, wakiangalia kama kuna mtu amelala kati ya magurudumu. Hakuwa mkali kwao. Alikuwa anaogopa kwa ajili yao. "Mzamiaji akifa," alikuwa anasema, "hakuna wa kumtaja. Jina lake haliko kwenye daftari."

Fomu

Nimesafiri peke yangu sana nchi hii. Fort Portal, Kisoro, Arua mara mbili. Najua yanayosemwa kuhusu mwanamke wa umri wangu anayefika gesti saa moja usiku na begi moja, na nimeacha kuyajibu. Kusafiri peke yangu kumenipa vitu ambavyo sikuvipata kwa njia nyingine yoyote, na sina mpango wa kuacha.

Ila nina tabia moja ambayo sikuwahi kuisema hadharani. Nikiondoka, naizima simu. Mama namwambia niko semina. Basi la Arua likiteremkia daraja la Karuma na Nile inachemka chini yake, kuna kitu ndani yangu kinafunguka kama kifungo cha shingo. Hakuna anayejua nilipo. Nimekipenda kitu hicho miaka mingi bila kukichunguza.

Likizo ya Mei mwaka huu nikapanda basi kwenda Kampala, nikaunganisha hadi Masaka, nikashuka hadi Bukakata na kuvuka kwa kivuko hadi Luku, kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria. Kutoka hapo ni bodaboda hadi Kalangala, katikati ya michikichi isiyokwisha. Bukakata mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga alinitazama, akatazama begi, akauliza, "Nnyabo, uko wewe tu?" Nikanunua ngege mmoja, nikasema niko mimi tu.

Nilimfuata mwalimu mmoja wa kuzamia. Ni mtu wa Kilifi, ametembeza watalii chini ya bahari kwa miaka mingi kabla ya kuoa Masaka na kuhamia huku. Wakati wa likizo anafundisha watu wawili watatu, si zaidi. Bwawa la kuogelea kwanza, halafu ziwa.

Alinipa fomu. Pumu? Moyo? Masikio? Ujauzito? Dawa unazotumia? Nikajibu haraka haraka. Chini kabisa kulikuwa na mstari: mtu wa kuarifiwa dharura ikitokea.

Niliandika namba ya mama mwenye gesti. Nilikuwa nimemfahamu tangu jana yake magharibi.

Mwalimu akasoma. "Huyu ni nani wako?"

"Ni mama wa pale nilipofikia."

"Nakuuliza wako, dada."

"Huyo huyo."

Akaikunja fomu, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki. Tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu, binti wa Bukavu wa miaka kama 24 hivi, alikuwa bado anaandika. Mstari ule haukumtosha. Aliweka namba ya mama yake, ya shangazi yake aliyeko Nakivale na ya mchungaji, akageuza karatasi akaendelea nyuma.

Yeye hakuja kutalii. Ananunua mukene kwa wavuvi wa Kalangala, hawa ambao Mwanza wanaitwa dagaa, na aliona kwamba injini ya boti ikianguka majini wavuvi wanamlipa vizuri atakayeitoa. Ada ya mafunzo alikuwa anailipa kidogo kidogo.

Usibane pumzi

Kila mtu aliyewahi kunifundisha chochote kuhusu maji alinifundisha kubana pumzi. Baba, kaka zangu, watoto wa Luzira tuliokuwa tukirukia kwenye maji ya kahawia. Unavuta, unafunga mdomo, unaingia.

Kwenye bwawa, sheria ya kwanza ilikuwa kinyume chake. Usibane pumzi kamwe, hata sekunde chache, hata ukiogopa. Hasa ukiogopa.

Mwalimu alitueleza kwa puto. Hewa unayoivuta chini inatoka kwenye mtungi ikiwa na shinikizo sawa na la maji yanayokuzunguka. Baharini shinikizo linafika mara mbili ukiwa mita kumi. Huku kwetu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji hayana chumvi, kwa hiyo mara mbili inafika kwenye mita tisa hivi. Mapafu yaliyojazwa pale chini yatataka nafasi mara mbili ukifika juu. Ukiwa umefunga koo, hayana pa kuipata. Yanachanika. "Na haihitaji kina kirefu," alisema. "Hata bwawa hili linatosha."

Siku ya kwanza nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilijifunza kuondoa maji kwenye miwani kwa kupulizia puani, kutoa kipumulio mdomoni na kukirudisha huku vipovu vinatoka, kusoma saa ya mtungi. Nilijifunza kwamba dole gumba juu si "sawa". Ni "tunapanda". Nilimwonyesha dole mara mbili kwa furaha, na mara mbili alinichukua mkono akanipandisha taratibu hadi juu, bila hasira, mpaka nikajua.

Siku ya pili akasema tuvue miwani kabisa, tukae chini bila miwani kwa dakika nzima.

Maji yakanigusa macho na pua. Nikavuta pumzi kwa pua, kama mjinga. Kila kitu nilichofundishwa utotoni kikarudi kwa mpigo: funga mdomo, kimbilia juu. Nikabana. Nikapiga teke. Mkono wa mwalimu ukanishika koti, ukanizuia, na kidole chake kikaanza kugonga kifua changu polepole. Gonga, gonga. Nikaelewa anachotaka. Nikatoa hewa, vipovu vikapanda usoni. Nikavuta kwa mdomo. Nikatoa.

Hapo ndipo nilipoisikia.

Chini ya maji pumzi yako ni sauti kubwa kuliko zote. Inavuta kwa mkwaruzo, inatoka kwa ngurumo, inavuta tena. Nilikuwa nimeisikia kabla. Ni sauti ya baba akilala chumba cha pili siku aliyorudi kutoka safari, wakati sote tulikuwa tunatembea kwa vidole tusimwamshe.

Nilikaa hapo bila miwani zaidi ya dakika aliyotaka. Nadhani yote yaliyofuata yalianzia pale.

Kijani

Wanaokuja wakitarajia picha za Zanzibar wasije. Ziwa letu ni kijani, kijani cha maji yaliyochemshiwa mchicha, na siku nzuri unaona mita mbili. Mwalimu aliuliza wavuvi habari za mamba na viboko kabla ya kila mbizo, hakuwahi kuacha. Kichocho kiko zaidi kule ufukoni, kwenye maji tulivu ya mialo ambako konokono wanakaa, kwa hiyo tulivalia suti zetu ndani ya boti na hatukutembea majini. Hata hivyo alituambia tutameza dawa, wote.

Mzee mmoja wa mwalo alituuliza kama tumemsalimu Mukasa, mungu wa ziwa wa Waganda. Kisiwa chake, Bubembe, hakiko mbali, na wavuvi wa Ssese hawaingii kwenye maji ya mtu bila hodi. Mwalimu alisema bismillahi. Binti wa Bukavu aliomba kwa sauti, dua ndefu yenye majina ya watu. Mimi nilikagua mtungi wangu.

Chini nilipenda kila kitu. Nilipenda mwanga unavyokwisha hatua kwa hatua kama taa inayopunguzwa utambi. Nilipenda miamba iliyovaa utelezi, na furu wadogo waliosimama mbele ya mianya yake. Kiganda wanaitwa nkejje. Kulikuwa na mamia ya aina zake humu kabla sangara, mputa wetu, hajaletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuanza kula, na aina nyingi mno hazionekani tena. Wale waliobaki walinitazama bila kukimbia. Nilikaa mbele ya mmoja mpaka mwalimu akanigonga bega.

Mbizo nne za mtihani tukazimaliza kwa siku mbili. Tukafaulu wote wawili. Ruhusa tuliyopata ni mita 18, si zaidi, tena mkiwa wawili.

Nilikuwa nimewaambia kwamba nataka siku moja kuiona meli. Mei 2005 MV Kabalega ilizama katika ziwa hili baada ya kugongana na MV Kaawa, na baba alikuwa amefanya kazi kwenye zote mbili. Ndiyo sababu niliyojipa ya kujifunza kuzamia, na ni sababu nzuri, inasikika vizuri ukiisimulia. Mwalimu alinisikiliza, akasema sehemu za ziwa hili zinafika mita 80 na kwamba nisiifanye meli kuwa ahadi. Nilikubali upesi mno. Ningepaswa kujiuliza kwa nini haikuniuma.

Siku ya tano

Ukiacha ule wa mwalimu, tulikuwa na mitungi miwili iliyobaki na siku moja. Mwalimu akasema mtaenda ninyi wawili, mimi nabaki kwenye boti. Mita nane, dakika kumi na tano, msitoke karibu na kamba ya nanga.

"Mkipoteana?"

"Tunatafutana dakika moja," tukajibu pamoja kama watoto wa darasa la kwanza, "halafu tunapanda polepole, tunakutana juu."

Tukashuka. Labda dakika ya saba mguu wangu uligonga chini na tope likapanda. Kijani kikawa kahawia, kahawia ikawa giza. Mwanga wa tochi yake ukawa doa, ukapotea. Nikanyoosha mkono nikaikuta kamba ya nanga, nikaishika. Nikaangalia saa. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikainua tochi. Dakika moja ikaisha.

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Juu palikuwa juu.

Sikupanda.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimepotea, au nilimfikiria baba, au niliiona meli kwa macho ya moyo. Sikuwa nimepotea na sikumfikiria mtu. Nilikuwa sina uzito. Pumzi inaingia, pumzi inatoka, na kile kifungo cha shingo ambacho hufunguka kule Karuma kilikuwa kimefunguka chote, hadi kiunoni. Hakuna aliyejua nilipo. Hata mimi sikuona mkono wangu mwenyewe. Nilisema moyoni, kidogo tu. Nikasema tena. Nilijua kabisa kwamba yeye ameshapanda, kwa sababu yeye ni mtu wa kufuata sheria, na nilijua kwamba yuko juu anatazama maji.

Dakika nne.

Nilipotoka alikuwa ameshika ubavu wa boti kwa mikono miwili, miwani ameisukuma hadi kwenye paji la uso, analia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa baba. Mwalimu alikuwa ameshavaa mtungi, mguu mmoja uko nje.

"Nilizania umekufa," alisema. "Niko nahesabu, dakika inapita, niko nahesabu tena. Nilizania umekufa, mama."

Na mimi nikasema ile sentensi.

Nikasema, "Tope lilikuwa jingi, sikuiona kamba."

Alinikumbatia. Hilo ndilo lililokaa nami wiki saba, kwamba alinikumbatia na mitungi yote ikagongana. Mwalimu alinishika mkono kunipandisha, akatazama kiganja changu kilichokuwa kimepakwa utelezi wa kijani wa kamba, kuanzia kidole cha mwisho hadi kifundo. Akautazama kidogo. Kisha akauachia.

"Leo basi," alisema.

Asubuhi nilipoamka nikaambiwa binti wa Bukavu ameondoka na kivuko cha kwanza, ana mzigo wa kupeleka. Aliniachia namba yake kwa mama wa gesti, kwenye karatasi, na neno "dada" juu yake.

Nilikuwa nimepanga kutoka hapo kwenda moja kwa moja Kabale, nikapumzike Bunyonyi. Mwalimu akakataa. Bunyonyi iko karibu mita 2,000, na mtu aliyetoka kuzamia hapandi mlima siku hiyo hiyo. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inataka muda wa kutoka taratibu, la sivyo inatoka kwa vipovu kwenye damu na viungo. Ngoja saa 18 angalau, alisema. Nikangoja. Nilikaa kwenye ngazi za gesti siku nzima nikiangalia maji, na sikutaka tena kwenda Bunyonyi wala popote.

Nguo kwenye kamba

Niliporudi Mbale nilijiambia hakuna aliyeumia. Ni kweli. Nilijiambia kwamba kuzamia kuna hatari zake na kila mtu hukosea mwanzoni. Ni kweli pia. Nilijiambia kwamba mwanamke akipenda upweke wake watu humfanya mkosaji, na mimi sitakubali. Hili nalo bado naliamini, na ndilo lililonichelewesha zaidi, kwa sababu nililitumia kufunika kitu kisichohusiana nalo.

Halafu yule kijana akanyoosha mkono darasani.

Nilikuwa na miaka 11 meli ilipozama. Redio ilisema jina la meli, na mama hakujua baba alikuwa kwenye ipi safari hiyo, maana walikuwa wakihamishwa huku na huku. Alikwenda gatini na leso yake mabegani, akasimama, akarudi. Akaenda tena. Hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika. Aliporudi mara ya pili hakupika. Alifungua sanduku la baba, akatoa nguo zake zote, safi kwa chafu, akazifua. Mashati, suruali za kazi, koti la Idd. Akajaza kamba ya kwetu, akaomba kamba ya jirani, akaijaza nayo. Nilimsaidia kukamua. Hakusema neno, na mimi nilijua nisiulize.

Siku iliyofuata, jioni, simu ikaja kwa jirani. Baba alikuwa Kisumu. Alikuwa ameachwa huko na malaria kabla hata safari haijaanza, hakuwa na habari kwamba anatafutwa.

Alipofika nyumbani alikuta nguo zake zote nje. Akauliza, "Kuna safari?"

Mama akasema, "Karibu ule."

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama habari ya baba. Baharia aliyenusurika. Nilikwenda hadi Bugala nikiibeba hivyo, nikidhani kilichoniita kiko chini, ndani ya chuma, kwenye giza. Sikuwahi kuiona kamba ya nguo ndani yake, nami ndiye niliyeshika ncha ya pili ya shati wakati wa kukamua.

Sijui nilipaswa kujisikiaje pale chini. Raha ile ilikuwa ya kweli na sitaikana. Nimeipata mara moja tu kwa ukamilifu ule, na najua nitaitafuta tena. Lakini raha ile na kilio kile vilitokea kwa wakati mmoja, mita nane kati yao, na mimi nilivijua vyote viwili. Yeye alijua kimoja tu. Mzamiaji wa baba, yule wa chini ya behewa, angalau aliondoka nyumbani kwa dhiki. Mimi niliacha jina langu nje ya daftari kwa kupenda, nikamwacha mtoto wa watu anihesabie dakika, kisha nikamdanganya ili asinikasirikie.

Simu

Jana usiku, kabla ya vidonge, nilimpigia mama Luzira. Nilimwambia yote. Kwamba sikuwa semina. Kwamba hata ile ya Arua haikuwa semina. Mtungi, kina, tope, kamba. Nilitarajia astaghfirullah nyingi. Alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani laini imekatika.

"Mama?"

"Nipo." Kisha akauliza, "Aliyekuwa akikungoja juu ni nani?"

Nikamwambia. Mkongo, mnunuzi wa mukene, mdogo kuliko mimi.

"Alijua kwamba kamba ulikuwa nayo?"

"Hapana."

"Anajua sasa?"

Sikujibu. Akasema nimsalimie, na nile kitu kabla ya dawa, akakata.

Nilikula wali na maharage. Nikameza vidonge vinne kimoja kimoja. Mhudumu alisema kweli, ni vichungu hata bila kutafuna, na baada ya nusu saa tumbo likaanza kusokota na kichwa kuwa chepesi. Nikaitoa ile karatasi kwenye pochi. Ujumbe niliandika mrefu, nikaeleza Karuma, nikaeleza baba, nikaeleza meli. Nikaufuta wote.

Nikaandika: "Dada, ni mimi wa Kalangala. Siku ile niliiona kamba. Ilikuwa mkononi mwangu tangu mwanzo. Nilikaa kwa kupenda. Nisamehe."

Nikautuma saa tatu na dakika kumi. Tiki moja. Baadaye kidogo zikawa mbili, za kijivu.

Nililala na simu kifuani, haijazimwa. Saa nane za usiku nikaangalia. Alfajiri nikaangalia. Sasa ni saa nne asubuhi, darasa langu linaanza baada ya mapumziko, tumbo limetulia, na tiki bado ni za kijivu. Nimefua mashati yangu mawili ya kazi, na yalikuwa safi.